Maswali ya Wasomaji: Nimetoa Mchango, Taka Zimeishia Wapi?

Barua tano kati ya zile tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni mashirika ya hisani yanayohimiza upunguzaji wa taka na kile kinachoitwa uchumi wa mzunguko, yaani utaratibu wa kuzalisha na kutumia ambamo kitu hakitupwi baada ya matumizi ya mara moja, bali hutumiwa tena, hutengenezwa kikiharibika, hugeuzwa kuwa kitu kingine, au kurudishwa shambani kama kilitoka shambani. Wazo hili lilipata umaarufu zaidi duniani baada ya mwaka 2010, pale Ellen MacArthur, baharia Mwingereza aliyekuwa ameizunguka dunia peke yake katika mashua, alipozindua shirika la hisani lenye jina lake ili kulieneza. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba baharini, mahali ambapo mtu hana kitu ila kile alichokibeba, ndipo alipotambua kwamba akiba ya dunia nayo ina mwisho. Jina ni jipya, lakini anayevaa lugabire, yaani viatu vilivyokatwa kutoka kwenye matairi, au aliyenunua sigiri, jiko la mkaa la chuma chakavu, kwa mafundi wa Katwe jijini Kampala, amekuwa ndani ya uchumi huo siku zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na nina duka dogo la vyakula mjini Jinja. Mwaka jana vijana wa shirika moja la hisani walipita mtaani kwetu wakatueleza habari za uchumi wa mzunguko. Nilivutiwa, nikakubali kutoa shilingi 10,000 kila mwezi kwa njia ya simu, na pia kuwakusanyia chupa za plastiki dukani kwangu. Nimefanya hivyo kwa miezi tisa. Juzi nilipokuwa nakwenda kumjulia hali shangazi yangu nje ya mji, niliona magunia yanayofanana kabisa na yetu, yenye utepe wa rangi ileile, yametupwa bondeni na baadhi yameungua. Niliumia sana. Je, niache kuchangia? Na nitalitambuaje shirika la kweli?

JIBU: Mama, pole kwa uchungu ulioupata, na asante kwa miezi tisa ya uaminifu. Ushauri wangu ni kwamba usijitoe leo, lakini pia usitume mchango wa mwezi ujao kabla ya kuuliza. Nenda ofisini kwao, ikiwezekana ukiwa na jirani mwingine anayechangia, uwaeleze ulichokiona bila kuwashutumu, kwa kuwa magunia hufanana na utepe huuzwa kila mahali, kisha uwaulize swali moja: chupa tulizowapa mwezi uliopita zilikwenda wapi? Shirika linalofanya kazi yake halihitaji hotuba ili kulijibu swali hilo. Litakutajia mnunuzi, litakuonyesha karatasi ya mizani yenye kilo na tarehe, na kama kuna kiasi ambacho mnunuzi alikikataa, litakueleza kilipelekwa wapi. Ukijibiwa kwa picha za mikutano na idadi ya watu waliohudhuria mafunzo, utakuwa umepata jibu, ijapokuwa si lile ulilolitaka.

Ninalisisitiza swali hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kushindwa kuliuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na siku ya usafi iliyoandaliwa na shirika fulani jijini Kampala, tukafanya kazi tangu asubuhi kando ya mfereji wa Nakivubo, ule unaopokea maji ya katikati ya jiji na kuyapeleka Ziwa Victoria. Tulijaza magunia mengi, tukapewa fulana, tukapigwa picha. Jioni nilibaki nyuma kusaidia kupakia, nikaona chupa, matope, maganda na makavera, yaani mifuko ya plastiki, vikirushwa pamoja katika lori moja, na nilipomuuliza dereva alikokuwa anakwenda alinijibu kwamba ni kwenye jaa la Kiteezi, kama siku zote. Taka tulizozitoa machoni pa watu wa mjini tulikuwa tumewapelekea watu wa kijijini, tena zikiwa zimechanganyika kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kupata faida yoyote kutokana nazo. Nilirudi nyumbani bila kusema neno, na ukimya ule umenisumbua tangu msiba wa Kiteezi ulipotokea.

Wasomaji walio mbali wanastahili kukumbushwa kwamba jaa la Kiteezi, lililoko Wilaya ya Wakiso kaskazini mwa Kampala, lilifunguliwa mwaka 1996 na likaendelea kupokea taka za jiji hadi zikawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka na kufunika nyumba za majirani, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Wengi tuliozungumza juu ya msiba ule tulizungumza juu ya viongozi, na ni haki viongozi waulizwe. Lakini kila gunia lililokuwamo katika mlima ule lilitoka katika nyumba ya mtu, nikiwamo mimi.

Turudi kwenye chupa zako. Yawezekana shirika lenu ni la watu waaminifu waliozidiwa na mzigo, na hili hutokea mara nyingi kuliko udanganyifu. Si kila plastiki ina mnunuzi. Chupa angavu za maji na soda, zenye namba 1 ndani ya alama ya pembetatu kwenye kitako, hununuliwa kwa urahisi zaidi zikiwa safi na zisizo na rangi. Jerikeni za manjano kwa kawaida ni namba 2, nazo zina soko zuri. Vifuniko vya chupa ni plastiki ya aina tofauti na chupa yenyewe, kwa hiyo hutenganishwa. Lakini karatasi za biskuti na vibanzi, zilizotengenezwa kwa matabaka ya plastiki na ya rangi ya fedha yaliyobandikwa pamoja, hazina wa kuzinunua, na gunia lililochanganya vitu hivyo vyote pamoja na mabaki ya chai na mchuzi huwa mzigo ambao mkusanyaji hulipia gharama ya kuusafirisha kisha akalipia tena kuutupa. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi, maana yake kilo moja inahitaji chupa 50 au zaidi. Lori likijaa chupa zisizobonyezwa linasafirisha hewa, na mafuta ya lori hula thamani yote ya mzigo kabla haujafika kiwandani.

Hapo ndipo mchango wako, mama, unapoweza kuwa na uzito kuliko zile shilingi 10,000. Gunia la chupa za namba 1 pekee, zilizomwagwa maji yote, zikabonyezwa na kutolewa vifuniko, ni mali inayoweza kuuzwa, na shirika lililopokea mali hiyo halina sababu ya kuitupa bondeni. Waambie kwamba utawaletea gunia la namna hiyo na utapenda kuona karatasi ya mizani yake. Uwaulize pia wanawalipaje waokotaji wa taka wanaowapelekea chupa kutoka mitaani, kama wanalipwa kwa kilo au kwa ahadi, na kama wana glavu na viatu. Watu hawa, ambao wengine huwaita majina ya dharau, ndio waliofanya kazi ya urejelezaji katika miji yetu kabla shirika lolote halijaandikishwa, na shirika linalopita juu ya migongo yao halistahili hata shilingi yako moja.

Kuhusu uhalali wa shirika, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Uganda ya mwaka 2016 inalitaka shirika liwe limeandikishwa na liwe na kibali, na pia liwe na makubaliano ya maandishi na serikali ya wilaya linakofanyia kazi. Tangu marekebisho ya mwaka 2024, kazi za iliyokuwa Ofisi ya Taifa ya mashirika hayo zinafanywa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kikundi kidogo cha kijamii huandikishwa wilayani. Anayesafirisha taka kama kazi anahitaji leseni ya NEMA, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira. Karatasi hizi zote unaweza kuomba kuziona bila kumkosea mtu heshima, na ofisa wa maendeleo ya jamii katika halmashauri yenu anaweza kukuambia kama analijua shirika hilo. Fedha zako zitumwe kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la shirika, kamwe zisitumwe kwenye namba ya kijana aliyepita mtaani, hata akiwa mpole namna gani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nadhani litakufaa wewe kama mwenye duka. Soda ya chupa ya kioo, ile ambayo mteja huinywea hapohapo au huacha rehani ya chupa, ni uchumi wa mzunguko uliokamilika: kreti linakuja limejaa, linarudi na chupa tupu, chupa inaoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Chupa ya plastiki, hata ikirejelezwa vizuri sana, hukatwakatwa na kuyeyushwa, na mara nyingi haiwi tena chupa bali hugeuka nyuzi au kamba. Kila kreti la chupa za kioo unalolichagua badala ya katoni ya plastiki limepunguza taka kabla hazijazaliwa, na shirika zuri litakupongeza kwa hilo ingawa litakosa chupa za kukusanya. Waulize wana maoni gani juu ya jambo hilo. Jibu lao litakuonyesha kama wanataka taka zipungue au wanataka ziendelee kuwapo.

SWALI: Nina biashara ya vifaa vya ujenzi mjini Mbale. Nikilichangia shirika la namna hii, je, mchango huo unapunguza kodi yangu?

JIBU: Unaweza kupunguza, ndugu yetu, kwa masharti. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango wa hisani utolewe katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, mradi anayeupokea awe ni shirika lililotambuliwa na Mamlaka ya Mapato, URA, kuwa halitozwi kodi, na kiasi kinachoruhusiwa kisizidi asilimia 5 ya mapato yako yanayotozwa kodi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa, omba nakala ya hati ya utambuzi huo na risiti yenye jina kamili la biashara yako, kisha umkabidhi mhasibu wako. Mashirika mengi madogo hayana hati hiyo ingawa yanafanya kazi njema. Ukiamua kuyapa, yape ukijua kwamba kodi itabaki palepale.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nansana, naendesha boda boda. Sina uwezo wa kuchangia fedha kila mwezi, lakini kuna shirika linalotusihi tujitolee katika kupunguza taka. Tunaishi wapangaji wa nyumba sita katika ua mmoja, tunapika matoke karibu kila siku, lori la taka hupita linapotaka, na likichelewa taka huchomwa nyuma ya choo. Je, mtu kama mimi anaweza kusaidia nini?

JIBU: Kijana wetu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu kitu kinachohitajiwa zaidi katika kazi hii kimo ndani ya ua wenu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Kampala pekee huzalisha taka tani 2,500 hivi kwa siku, na sehemu kubwa zaidi ya taka za nyumba zetu haina uhusiano na plastiki: ni maganda ya matoke, ya viazi na mihogo, majani, mabaki ya chakula. Vitu hivi vikiwa peke yake ni chakula cha mnyama au mbolea. Vikichanganywa na chupa, nepi na betri katika gunia moja na kufukiwa jaani bila hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huchochea mioto migumu kuzimika ndani ya jaa na ambayo, kwa kipimo cha miaka 100, huongeza joto la dunia mara 28 hivi kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa. Ganda ni lilelile. Kinacholigeuza kuwa balaa ni kule kuchanganywa.

Kwa hiyo anza na ndoo mbili. Zungumza na wapangaji wenzako, tena anza na kina mama wanaopika, maana wao ndio watakaobeba usumbufu wenyewe na bila ridhaa yao mpango utakufa katika juma la kwanza: ndoo moja ya maganda na mabaki ya mbogamboga peke yake, nyingine ya vitu vikavu. Kisha tafuta mfugaji. Nansana na vitongoji vyake bado vina watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa, mbuzi na nguruwe, nao hununua maganda ya matoke kwa gunia kwa ajili ya mifugo yao. Yule mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba atawashukuru kwa ndoo ya kila siku. Wewe una pikipiki, na gunia la maganda ya jana linaweza kupanda pikipiki kabla hujaanza kubeba abiria.

Zingatieni mambo mawili kwa makini sana. Kavera lisiingie katika ndoo hiyo hata kipande, kwa sababu ng'ombe akilimeza halisagiki wala halitoki, hukusanyika tumboni hadi mnyama akondee na kufa, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa namna hiyo hatapokea tena maganda ya mtu yeyote. Pili, maganda ya mihogo mibichi, hasa mihogo michungu, yana sumu ya sianidi. Yasipewe mnyama mpaka yaanikwe na kukauka vizuri.

Pasipokuwa na mfugaji, kuna mboji. Mnahitaji sehemu ndogo yenye kivuli, lundo lenye kimo cha mita moja hivi, maganda yakipishana kwa matabaka na majani makavu, lilowe kama kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila juma au kila majuma mawili, na baada ya miezi mitatu hivi mtakuwa na udongo mweusi usionuka, unaofaa sukumawiki na mboga ya nakati kwenye magunia yaliyosimamishwa kando ya ukuta. Nyama na mafuta visitiwe humo, kwa sababu huvuta panya. Baadhi ya vikundi hufuga pia funza wa inzi askari mweusi, mdudu ambaye funza wake hula mabaki kwa majuma mawili hivi kisha huwa chakula cha kuku na samaki. Hilo ni jambo la kujifunza kwa anayelifanya tayari, na hapa shirika lenu linaweza kuwa na faida kubwa kwenu.

Mtu asidhani kwamba mboji ni jambo dogo lisilohitaji uangalifu. Miaka zaidi ya kumi iliyopita NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilijenga mitambo ya mboji katika miji kadhaa, ikiwamo Mukono, Jinja, Mbale na Fort Portal. Taka zikifika kwenye mtambo wa namna hiyo zikiwa zimechanganyika, wafanyakazi hubaki wakichambua kioo na plastiki kwa mikono, na mkulima akikuta kipande cha chupa ndani ya mbolea yake haji tena kununua. Mtambo hauwezi kuitengeneza kazi iliyoharibiwa jikoni, na hii ndiyo sababu ninaamini kwamba ua wenu wa nyumba sita ni muhimu kuliko mashine.

Kuhusu kuchoma, naomba muache hata kama lori limechelewa. Plastiki inayochomwa kwa moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, zikiwamo dioksini, na watoto wa ua huo huo ndio wanaouvuta kwanza. Vitu vikavu vikishatenganishwa havinuki wala havivuti inzi, kwa hiyo vinaweza kumsubiri mwenye lori au mwokotaji hata kwa siku kadhaa.

Nenda basi kwenye shirika hilo ukawaambie kwamba unao ua mmoja unaotenganisha taka, na kwamba uko tayari kuwaonyesha wapangaji wa ua wa pili. Buganda ina desturi ya zamani ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kusafisha njia na visima, na watu wa Nansana wataielewa kazi yako kwa jina hilo haraka kuliko kwa jina la uchumi wa mzunguko. Kama watakuomba kubeba magunia kwa pikipiki yako mara kwa mara, waombe wakulipie mafuta. Kujitolea hakumaanishi kwamba anayetegemea boda boda kwa chakula chake ailipie safari ya shirika.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Busia. Sheria ya kukataza makavera ipo. Kwa nini nichangie shirika la kupambana na makavera hayo, badala ya serikali kutekeleza sheria yake?

JIBU: Hoja yako ni ya haki, na naikubali nusu yake. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya mikroni 30, na kabla yake kulikuwa na katazo la mwaka 2009. Tatizo ni kwamba jicho la mwanadamu haliwezi kupima mikroni, mwenye duka hana kipimo, na kavera jembamba hujificha nyuma ya nene. Wewe unayeishi mpakani unaona tofauti kila siku: upande wa pili Kenya ilikataza mifuko yote ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008. Katazo la mifuko yote hutekelezeka, kwa sababu mfuko ukionekana umeonekana.

Serikali haikupewa msamaha kwa kuwa mashirika yapo. Lakini mtu mmoja akidai sheria iimarishwe hasikiki, na shirika lenye wanachama husikika zaidi mbele ya wabunge na madiwani. Kama shirika unalolifikiria linafanya kazi hiyo ya kudai, mchango wako unanunua sauti. Kama linagawa tu mifuko ya kitambaa yenye nembo ya mfadhili, basi nunua kikapu chako mwenyewe sokoni, umwachie fundi wa kusuka faida hiyo. Na kwa kina mama wanaofunika matoke kwa makavera wakati wa kupika, nawasihi warudie majani ya mgomba, kwa kuwa joto hutoa katika plastiki kemikali zisizostahili kuingia katika chakula cha mtoto.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni Hajati wa Bombo, nina umri mkubwa na wajukuu wengi. Shirika la vijana wetu linasafisha mitaro na kufundisha watoto wa madrasa kutotupa taka. Je, nikiwapa fedha inahesabiwa kuwa sadaka? Na naweza kuwapa zaka yangu?

JIBU: Waaleikum salaam, Hajati, na Mwenyezi Mungu akuzidishie afya. Kuhusu sadaka usiwe na shaka, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa njiani kitu chenye udhia ni sadaka, na mtaro ulioziba kwa chupa hadi maji yakaingia nyumbani mwa mjane ni udhia mkubwa. Zaka ni jambo jingine. Wanaostahili kupewa wametajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, nao ni makundi manane, wakianza mafukara na maskini. Kwa hiyo gharama za ofisi ya shirika, fulana na mabango si mahali pake pa dhahiri. Mwokotaji wa taka ambaye ni maskini anaweza kuwa miongoni mwa wanaostahili, yeye mwenyewe mkononi mwake. Hata hivyo mimi si mwanachuoni, na jambo la zaka yako nakuomba umpelekee sheikh wa msikiti wenu ambaye anazijua hali za watu wa Bombo.

Lakini barua yako imenikumbusha jambo ambalo nimeliona katika misikiti mingi mwezi wa Ramadhani. Futari ya pamoja huliwa katika sahani na vikombe vya plastiki vya kutupwa, na baada ya sala uwanja hujaa vitu vilivyotumika kwa dakika ishirini, katika mwezi uleule ambao tunahimizwa kujiepusha na israfu. Ikiwa unataka fedha yako ifanye kazi miaka mingi baada ya kutolewa, fikiria kuweka wakfu sahani na vikombe vya chuma kwa ajili ya msikiti wenu, pamoja na sanduku la kuvihifadhia na madebe mawili ya kuoshea. Vijana wa shirika wanaweza kupewa jukumu la kuviosha na kuvihesabu kila usiku, na hiyo itakuwa kazi yao ya kupunguza taka kwa vitendo. Mabaki ya chakula yakusanywe katika ndoo moja kwa ajili ya kuku na mbuzi wa majirani. Kabla ya kununua, kaa na imamu mkubaliane juu ya idadi ya watu wanaofuturu hapo kwa kawaida, maji ya kuoshea yatatoka wapi, na nani atakayeshika ufunguo wa sanduku katika miezi kumi na mmoja iliyobaki, ili sahani hizo zitumike pia katika mazishi, harusi na maulidi za watu wenu.